Je, Mwana wa Nyoka Lazima Awe Nyoka?



Ndugu msomaji wangu mpendwa, juma hili nimeshindwa kuandika juu ya jambo jingine lolote. Kuna neno lilisemwa mbele yangu, nami nikalinyamazia, na tangu siku hiyo halijaniacha kupumzika. Naomba univumilie, maana tafakari ya leo ni ndefu kuliko kawaida, na sehemu yake kubwa inahusu wanyama.

Wiki mbili zilizopita tulikutana katika mojawapo ya Jumuiya Ndogo Ndogo za parokia yetu ili kuzungumzia mtoto mmoja wa kiume ambaye hajatimiza miaka kumi. Mama yake ni marehemu. Baba yake yuko gerezani, bara, kwa kosa la wizi. Bibi aliyekuwa akimtunza amezeeka na macho yake hayaoni tena. Swali lilikuwa moja tu: nani atampokea? Kikao kilianza vizuri, na familia mbili zilionyesha nia. Ndipo mzee mmoja, ambaye sote tunamheshimu na ambaye mimi mwenyewe humwendea kwa ushauri, akasema polepole: "Baba Paroko, tusidanganyane. Mwana wa nyoka ni nyoka. Ukimfuga ndani, ipo siku atakuuma."

Chumba kikawa kimya. Wale waliokuwa na nia wakainamisha macho. Nami, padre, niliyesomeshwa miaka mingi kwa sadaka za waamini ili nijue la kusema katika saa kama ile, nikafunga kikao kwa sala na kuahidi kwamba tutakutana tena. Leo naandika yale niliyopaswa kuyasema siku ile. Siandiki ili kumwaibisha mzee wangu, kwa kuwa alisema kwa sauti yale ambayo wengi wetu tunayafikiri kimoyomoyo.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Wahenga waliosema kwamba mwana wa nyoka ni nyoka ndio hao hao waliotuachia neno kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndio waliotuambia samaki mkunje angali mbichi, na kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kumbe wahenga nao walikuwa na ubishi katika jambo hili! Upande mmoja waliona nguvu ya damu, upande mwingine wakaona nguvu ya malezi. Anayechukua methali moja na kuificha ya pili hajatumia hekima ya wahenga. Ameichagua nusu iliyompendeza.

Wanafalsafa nao walilitazama swali hili. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa mfano wa Mtakatifu Thomas wa Akwino juu ya kondoo na mbwa mwitu. Kondoo amwonapo mbwa mwitu hukimbia, wala hakimbii kwa sababu rangi au umbo la yule mnyama linamchukiza, bali kwa sababu anamtambua kuwa ni adui, ingawa hakuna aliyemfundisha. Miaka mingi baadaye nilikuja kutambua kwamba mfano huo Mtakatifu Thomas aliupokea kutoka kwa Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037. Sisi tunaoishi Mafia, ambako majirani zetu wengi ni Waislamu, tuna sababu ya kufurahi kwamba Mwislamu na Mkristo walikaa darasa moja, ingawa karne mbili ziliwatenganisha, wakistaajabia kondoo yule yule. Ujuzi huo ambao kiumbe huzaliwa nao ndio tunaouita silika.

Basi, tuliangalie jambo hili kwa wanyama, kwa kuwa wao hawana unafiki.

Mwaka mmoja nilivuka kutoka Utende kwenda Juani. Msomaji asiyekifahamu kisiwa hicho ajue kwamba ndiko yaliko magofu ya mji wa kale wa Kua, na kwamba upande wake wa mashariki, unaotazama bahari kuu, kuna fukwe ambako kasa hupanda kutaga mayai. Eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo ni hifadhi ya bahari ya kwanza nchini mwetu. Tangu mwaka 2001 wenyeji wa vijiji vya Mafia, wakishirikiana na shirika la Sea Sense, wamekuwa wakitembea fukweni alfajiri kwa alfajiri kutafuta nyayo za kasa, kuviwekea alama viota na kuvilinda.

Mlinzi wa viota alituagiza tusimame nyuma, tusizibe njia wala kuwasha tochi. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya msitu. Mchanga ukaanza kutikisika kama uji unaokaribia kuchemka, kikatokea kichwa kimoja, kisha viwili, kisha tukashindwa kuhesabu. Jike la kasa hutaga mayai yapatayo mia moja katika shimo moja, hulifukia, hurudi baharini, wala hageuki nyuma. Miezi miwili hivi baadaye watoto huanguliwa. Hakuna mama anayewasubiri, wala mjomba, wala shangazi. Hata hivyo wale tuliowaona, kila mmoja akitosha kiganjani mwa mtoto mdogo, waligeukia baharini na kwenda, wengine wakipinduka katika alama za nyayo zetu na kuinuka tena.

Wamejuaje? Wataalamu wanatueleza kwamba mtoto wa kasa huzaliwa akiwa na silika ya kuelekea pale ambapo upeo wa macho uko chini na una mwanga zaidi, akiyapa mgongo yaliyo juu na yenye giza, yaani miti na vichaka. Katika ufukwe ambao haujaguswa, hapo penye mwanga ni baharini. Akishaingia majini huyakabili mawimbi, nayo humpeleka mbali na nchi kavu. Na zaidi ya hapo ana dira ndani yake. Mwaka 2001 Kenneth Lohmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa watoto wa aina nyingine ya kasa, ambao walikuwa hawajawahi kuingia baharini. Waliwaweka katika birika lililozungushiwa nyaya za umeme zilizoiga nguvu ya sumaku ya dunia kama ilivyo katika sehemu mbalimbali za bahari ya Atlantiki. Kwa kila sehemu iliyoigwa, watoto wale waliogelea kuelekea upande ambao ungewaweka salama katika mkondo wa bahari, kana kwamba walizaliwa na ramani.

Hapa mzee wangu angeweza kuniambia, "Umeona, Baba Paroko? Nilisemaje? Damu ni damu." Nami ningekubali kwamba hoja ina uzito. Lakini nisingeishia hapo, kwa sababu huyu kasa, ambaye ndiye shahidi mkuu wa upande wa damu, ana mambo mengine mawili ya kutuambia.

La kwanza ni kwamba silika yake inaweza kudanganywa. Weka taa ya umeme nyuma ya ufukwe, kama inavyotokea katika pwani nyingi za dunia zilizojengwa mahoteli na barabara, na mtoto yule yule wa kasa, mwenye silika ile ile kamili, ataipa bahari mgongo na kuifuata taa. Atazunguka kichakani hadi nguvu zimwishie, kaa na kunguru wammalize, au jua la asubuhi limkaushe. Je, amezaliwa mbaya? Amezaliwa vizuri kabisa! Ametii kwa uaminifu kile alichopewa, ila kuna mtu mzima aliyewasha taa mahali pasipostahili bila kufikiri nani atapita pale usiku. Tunapomwona mtoto wa binadamu amepotea, na tuulize kwanza ni taa gani zilizowashwa njiani mwake, kabla hatujaichunguza damu yake.

La pili ni kwamba hata kasa hujifunza. Jike la kasa, akishakomaa baada ya miaka ishirini au zaidi, hurudi kutaga katika pwani alikozaliwa. Hamu ya kurudi amezaliwa nayo. Lakini mahali pa kurudi haijaandikwa katika damu. Mwaka 2015 Lohmann na mwenzake Roger Brothers walichambua kumbukumbu za viota vya kasa vya miaka 19 katika pwani ya Florida. Waliona kwamba viota vilisogeana au kutawanyika kufuatana na mabadiliko madogo ya nguvu ya sumaku ya pwani ile. Maelezo yao ni kwamba mtoto wa kasa hushika alama ya ufukwe wake tangu mwanzo wa uhai wake, akaibeba moyoni miaka yote. Na mwaka 2025 watafiti wa chuo hicho walitangaza kwamba waliwalisha kasa wadogo kila mara katika nguvu ya sumaku iliyoiga mahali fulani pa bahari. Baada ya muda, kila mara hali ya mahali pale ilipoigwa, kasa wale walianza kucheza, wakiinua vichwa juu ya maji, wakifumbua vinywa na kupigapiga makasia yao, hata kabla chakula hakijaletwa. Walikuwa wamejifunza mahali panapopatikana chakula. Basi, kama kasa, ambaye hakumwona mamaye hata siku moja, bado anafundishwa na mahali alipozaliwa na mahali alipolishwa, sembuse mtoto wa mtu?

Tuvuke sasa kwenda bara, nikuonyeshe kiumbe mwingine. Yuko ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia ambaye huwaongoza watu kwenye asali. Wengine humwita mlembe. Ndege huyu hupenda nta na majana ya nyuki, lakini hawezi kupasua mzinga ndani ya mti. Kwa hiyo humwita mtu kwa sauti ya pekee, huruka mti hadi mti akimsubiri, na mtu akishawafukiza nyuki moshi na kuchukua asali, ndege naye hula masazo. Ajabu ni kwamba mlembe halelewi na wazazi wake. Jike hutaga yai katika kiota cha ndege wa aina nyingine na kuondoka. Kwa hiyo hamu ya kumwongoza binadamu haiwezi kuwa imefunzwa na baba au mama.

Watafiti walitaka kujua kama ndege huyu naye anatusikiliza sisi. Katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, warina asali wa Kiyao humwita kwa mtetemo wa ulimi unaofuatiwa na mguno. Utafiti ulioongozwa na Claire Spottiswoode, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mtu aliyetumia mwito huo alikuwa na asilimia 54 za uwezekano wa kuonyeshwa mzinga, wakati bila mwito huo uwezekano ulikuwa asilimia 17 tu. Lakini Wahadzabe wetu wa karibu na Ziwa Eyasi hawatumii mwito wa Wayao. Wao hupiga mluzi. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakachapisha matokeo ya kupiga miito yote miwili katika nchi zote mbili. Walembe wa Uhadzabe waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Niassa wakaitikia mwito wa Kiyao karibu mara mbili ya mluzi. Ndege ni wa aina ile ile moja, ila kila mmoja amejifunza lugha ya watu anaoishi nao.

Tafakari jambo hilo, ndugu yangu. Kuzaliwa kumempa hamu, malezi ya mahali yamempa lugha. Hamu bila lugha ingemwacha akipiga kelele mtini bila msikilizaji, na lugha bila hamu isingempeleka popote.

Nisifiche lililo chungu. Kifaranga cha mlembe huanguliwa akiwa kipofu, hana manyoya, lakini mdomoni ana ncha kali kama ndoano, na kwa ndoano hiyo huwaua vifaranga wa ndege mwenye kiota. Mzee wangu angeweza kuuleta mfano huu mezani: yatima aliyepokelewa akawaua watoto wa nyumba! Sasa na tuseme wazi: ndege hana dhambi, na mtoto wa binadamu hazaliwi na ndoano mdomoni. Nimebatiza watoto wengi, nimewashika mikononi, na ninaweza kutoa ushuhuda huo bila woga. Mtoto wa binadamu huzaliwa hajui hata kutambaa. Kati ya viumbe vyote, yeye ndiye aliyeachiwa nafasi kubwa zaidi ya kufunzwa. Nafasi hiyo ni mlango ulio wazi, na yeyote aliye karibu huingia kwa mlango huo, mwema au mwovu.

Wanaofanana nasi zaidi katika hilo ni sokwe. Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alifika Gombe mwaka 1960, na mwaka huo huo akamwona sokwe akichovya kijiti katika kichuguu na kuvuta mchwa. Sokwe mdogo humtazama mamaye miaka kadhaa, akijaribu na kukosea, kabla hajaiweza kazi hiyo. Kusini zaidi, kando ya Ziwa Tanganyika lile lile, katika milima ya Mahale, sokwe wana desturi ya kushikana mkono mmoja juu ya vichwa vyao huku wakisafishana manyoya. Watafiti walioilinganisha Mahale na Gombe miaka ya 1970 hawakuikuta Gombe. Hiyo ni mila, na mila hupokelewa kwa wakubwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yangu. Kinachopokelewa kwa wakubwa hupotea wakubwa wakiondoka.

Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Katika miezi tisa, kati ya watoto 81 wa tembo waliokuwa wakifuatiliwa, 16 walikufa. Hiyo ni asilimia 20, wakati kwa kawaida ni asilimia 2 tu. Charles Foley na wenzake, waliochapisha habari hizo mwaka 2008, waliona kwamba vifo havikugawanyika sawa. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yalipoteza watoto wachache kuliko kundi lililobaki. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba waliotoka waliongozwa na majike wazee ambao umri wao uliwaruhusu kuukumbuka ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961, na kwamba kundi lililobaki lilikuwa limepoteza wazee wa namna hiyo kwa ujangili. Risasi iliyompiga bibi ilikuja kumuua mjukuu miaka mingi baadaye, kwa kiu.

Sisi wa Mafia tusidhani hayo yako mbali. Ng'ambo ya maji yetu ni delta ya Rufiji, na nyuma yake ni nyika za Selous, ambazo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Katika mfumo huo sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo 39,000 hivi. Ile ya mwaka 2013 ilikadiria 13,000 hivi. Wenye pembe kubwa ndio waliotangulia kutafutwa, nao ndio wazee. Meno ya tembo yalihesabiwa, lakini ujuzi wa njia za maji uliokufa pamoja na wenye meno hayo nani aliuhesabu?

Mfano wa mwisho unatoka Afrika Kusini, na ndio ninaomwomba mzee wangu ausome mara mbili. Katika hifadhi ya Pilanesberg waliletwa tembo wachanga yatima, ambao wakubwa wao walikuwa wameuawa katika hifadhi ya Kruger ili kupunguza idadi. Walikua bila wazee. Vijana wa kiume walipobalehe, walianza kupatwa mapema mno na kipindi cha ukali ambacho huwapata madume yaliyokomaa. Kati ya mwaka 1992 na 1997 waliwaua faru weupe zaidi ya 40. Nani asingesema kwamba damu ya tembo wale ilikuwa mbaya? Nani asingesema wapigwe risasi? Lakini mwaka 1998 wahifadhi wakaleta kutoka Kruger madume sita yaliyokomaa, wakayaachia humo. Mbele ya wakubwa wale, ukali wa vijana ukapungua, na mauaji ya faru yakakoma. Rob Slotow na wenzake wakaandika habari hizo mwaka 2000.

Vijana walikuwa wale wale, na damu yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba wazee walikuwepo.

Kabla sijamaliza, haki inanidai niseme kwamba wazee nao hukosea, na kwamba malezi hurithisha makosa sawasawa na mema. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wanane kati yao walikuwa watoto. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi. Siwahukumu wazazi wale, maana waliwalisha watoto wao kwa upendo chakula walichozoea tangu mababu. Lakini mtoto wa binadamu hazaliwi akijua kipi ni sumu. Hufumbua kinywa na kupokea anachopewa na mkono anaouamini. Ninalia na ndugu zetu wa Panza, na ninajiuliza ni sumu gani nyingine tunazowapakulia watoto wetu kwa mkono huo huo wa upendo. Methali inayomhukumu mtoto kwa kosa la baba yake, ikisemwa mbele ya watoto wengine, ni mojawapo.

Biblia yenyewe ina nabii aliyepigana na methali ya namna hiyo. Ezekieli aliwakuta watu wake wakisema kwamba wazazi wakila zabibu chungu, meno ya watoto ndiyo hutiwa ganzi. Naye kwa jina la Mungu akawaamuru waache kuitumia. Sijui kama wazee wa siku zile walimpenda kwa neno hilo. Lakini ninajua kwamba tunapombatiza mtoto tunamwuliza msimamizi kama yuko tayari kusaidia kumlea. Hatuulizi babu yake alikuwa na kesi gani.

Mzee wangu, sisemi kwamba damu si kitu. Ningesema hivyo, watoto wa kasa wa Juani wangenisuta. Huenda mtoto huyu amerithi kwa baba yake haraka ya hasira, au mkono mwepesi, au macho yanayotamani. Huenda pia amerithi kwake ujasiri wa baharini, maana nimesikia wavuvi wakisema kwamba yule mtu hakuwa na mfano katika kuogelea. Aliyorithi bado hayana lugha. Mluzi atakaousikia kila siku ndio atakaouitikia.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakutana tena katika nyumba ile ile. Safari hii sitanyamaza. Wala sitatafuta familia moja shujaa ya kubeba mzigo wote, kwa kuwa Pilanesberg hawakupeleka dume mmoja, walipeleka sita. Naomba nyumba moja atakapolala, na pamoja nayo wanaume sita watu wazima: mmoja wa kumpeleka shule na kumsikiliza akirudi, mmoja wa kumfundisha kushona nyavu, mmoja wa kumkagua madaftari, mmoja wa kumpeleka kumwona baba yake gerezani, maana na hilo ni haki yake. Wa tano nitakuwa mimi.

Wa sita, mzee wangu, naomba uwe wewe. Umejenga mashua tangu ujana wako, na unajua kupinda ubao bila kuuvunja kuliko mtu yeyote hapa Kilindoni. Ubao huo nao ulizaliwa umenyooka. Mwite kijana, mpe tezo, mwache akosee mbele yako.

Nawatakieni nyote juma jema. Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,

Paroko wenu, Mafia